Daftari kwanza, jezi baadaye

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa kijana wa Mbagala, Dar es Salaam. Ana seti mbili za jezi, mipira mitatu na watoto kama arobaini wanaomsubiri kila jioni, na anataka kufungua akademi "ili watoto wasipotee". Anauliza aanzie wapi, na kama naweza kumsaidia kuandika barua ya kuomba ufadhili. Barua aiache kwanza. Swali la kuanzia wapi ndilo lenye maana, na kwa kuwa wanaouliza ni wengi, najibu hapa kwa urefu.

Akademi za mtaani siku hizi ni nyingi kuliko viwanja, na karibu zote zinauza jina moja: Mbwana Samatta. Ni kweli, katoka huko huko Mbagala, kapita TP Mazembe ya Kongo na Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya England. Lakini ni mmoja. Rika lake zima lililokuwa likipiga chandimu uswahilini halikupanda naye ndege. Ukiunda kitu cha kumfaa mmoja kati ya maelfu, hao wengine umewapa nini zaidi ya jasho na magoti yaliyochunika?

Na tuambiane ukweli: mpira wenyewe haumtoi mtoto kwenye shida. Mtoto anaweza kucheza kila jioni na bado akaacha shule, akalala na njaa, akapata mimba. Kinachosaidia ni namna mchezo ulivyopangwa: pointi zinatoka wapi, nani kaandikwa kwenye daftari, asipoonekana nani anakwenda kugonga hodi kwao, na pesa ikipatikana inaingia mkono gani. Mpira kazi yake ni kuwaleta.

Mfano ulio karibu nasi ni Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Mkanada aitwaye Bob Munro alianzisha na vijana wa pale chama cha michezo, Mathare Youth Sports Association, kwa kifupi MYSA. Kanuni yao iliyowatofautisha na wengine ni hii: timu ikishinda mechi inapata pointi tatu, lakini ikikamilisha zamu ya kusafisha mtaa inapata sita. Timu yenye washambuliaji hodari isiyoshika koleo haiwezi kuongoza jedwali. Wasichana waliingizwa kwenye mpango 1992. Viongozi vijana waliojitolea walijikusanyia pointi za kusomeshwa, na ada yao ililipwa moja kwa moja shuleni. Wale wanaodhani kazi ya jamii inaua soka waangalie Mathare United, timu ya wakubwa iliyozaliwa humo 1994: ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbagala, usifungue akademi. Anzisha ligi. Watoto wako arobaini ni timu tatu, zilizobaki zitafute mitaa ya jirani.

Hesabu yake iko hivi. Timu nane, nne za wavulana na nne za wasichana, uwanjani saba kwa saba, kila timu iandikishe watoto 14. Jumla ni watoto 112. Kila kundi likicheza nyumbani na ugenini unapata raundi sita, yaani Jumamosi sita, na kila Jumamosi mechi nne: mbili za wavulana, mbili za wasichana. Vipindi ni viwili vya dakika 20, mapumziko 5, kupokezana uwanja 10. Mechi moja inakula dakika 55, nne zinakula saa tatu na dakika arobaini. Ukianza saa nane mchana unamaliza saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, na watoto wanafika kwao kabla ya Magharibi. Asubuhi usiiguse, maana kuna madrasa, kuna kufua sare, kuna kuchota maji, na wanaobaki nyumbani kwa kazi hizo mara nyingi ni wasichana. Wao wape mechi ya pili na ya tatu. Ukiwapa ya kwanza wanachelewa, ukiwapa ya mwisho mama atakataa, na atakuwa na haki.

Kila mtoto aliyefika acheze angalau kipindi kimoja. Iandike kwenye kanuni, na anayeivunja akatwe pointi. Bila hivyo kocha atapanga wale wale saba, na saba wengine wataacha kuja kufikia raundi ya tatu.

Umri upime kwa darasa: la nne hadi la sita. Vyeti vya kuzaliwa wengine hawana, na walionavyo wanaazimana. Daftari la shule na mwalimu wa darasa ni vigumu zaidi kudanganya. Asiyesoma kabisa mwandikishe kwa maneno ya mzazi na balozi wa nyumba kumi, tena huyo ndiye unayemtaka kuliko wote. Zawadi isiwe pesa taslimu hata kidogo. Ukitangaza laki moja tu, Jumamosi inayofuata utaletewa mamluki wenye ndevu na refa atapigwa. Mshindi apewe mipira.

Sasa daftari, ambalo ndilo moyo wa shughuli yote. Yawe mawili. La kwanza ni la mahudhurio, na linaweza kuonwa na yeyote: jina, timu, alama ya kuwepo au kutokuwepo kila mazoezi na kila mechi. La pili linafungiwa kabatini na linashikwa na watu wawili tu, mmoja wao mwanamke. Humo kuna shule na darasa, mtoto anaishi na nani, simu ya mlezi na ya jirani mmoja (simu ya mlezi huzimwa, ya jirani hupatikana), na ugonjwa: pumu, kifafa, selimundu (sikoseli). Mwenye selimundu anaweza kucheza, ila anapumzishwa mara kwa mara, anakunywa maji zaidi, na halazimishwi kukimbia mizunguko kama adhabu.

Kanuni ya daftari la kwanza ni moja: mtoto akikosa mara mbili mfululizo, kabla wiki haijaisha watu wazima wawili wafike kwao. Wasiende kugomba. Waulize tu, "Tumemkosa mwenetu, yuko salama?" Majibu yatakayorudi ndiyo yatakayokuonyesha mtaa wako ulivyo: wamehamishwa kwa kodi, mama anaumwa na binti ndiye anayepika, kiatu cha shule kimekatika na anaona haya, kaanza kuuza karanga stendi. Mengine utayamaliza kwa kuongea na mwalimu. Mengine yanataka ofisi ya serikali ya mtaa au afisa ustawi wa jamii. Yale mazito, kipigo au kuingiliwa, si ya kusuluhishwa na kocha barazani: piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Kocha anayekaa na siri ya namna hiyo akisema "tutayamaliza kifamilia" anamlinda mkosaji.

Kuna mtego kwenye pointi ambao wengi hawauoni mpaka umewanasa. Ukisema timu inakatwa pointi kwa kila mtoto mtoro wa shule, nahodha atafanya hesabu ya haraka na kumfukuza mtoro. Umemwongezea mtoto huyo mlango wa pili uliofungwa. Geuza kanuni: timu haikatwi kitu kwa mtoto aliyepotea, ila inapata pointi mbili kwa kila aliyerudishwa mazoezini na akakaa wiki tatu. Utashangaa watoto wa miaka kumi na moja wanavyojua kumbembeleza mwenzao kuliko mzazi yeyote.

Pointi za usafi, kama zile za Mathare, nazo zina ufundi wake. Kwa kundi la watoto 14 andaa koleo tatu, reki nne, toroli moja, viroba ishirini, glovu za kila mmoja na watu wazima wawili. Muda ni saa moja na nusu, si zaidi. Mtoto haingii mtaroni, hagusi sindano wala chupa iliyovunjika, hizo ni za mtu mzima mwenye koleo. Kinachoharibika mara kwa mara ni hiki: taka zinakusanywa vizuri, zinarundikwa pembeni ya mtaro, picha zinapigwa, watu wanaondoka. Mvua ya kwanza inarudisha lundo lote mtaroni na watoto wanajifunza kwamba kazi yao ilikuwa ya kamera. Kwa hiyo kabla ya siku, elewana na ofisi ya mtaa na mzoaji taka wa eneo lenu gari lije saa ngapi. Pointi zisiandikwe mpaka gari limeondoka na viroba.

Uwanja. Saba kwa saba wanatosha mita 55 kwa 35. Kabla ya kila Jumamosi watu wazima wajipange mstari mmoja, umbali wa mikono miwili kati yao, watembee kutoka goli hadi goli macho chini, ndoo mkononi: misumari, vizibo, vioo, mifupa. Mara moja haitoshi, maana mvua na miguu hufukua vipya kila wiki. Mistari ichorwe kwa majivu au maranda ya mbao. Chokaa ya unga ya ujenzi iache, inachoma macho na ngozi, na mtoto akianguka nayo usoni utatafuta maji ambayo hukuyaandaa.

Magoli yatengenezwe kwa mirunda. Nguzo mbili za mita 2.5, sentimita 60 ziingie ardhini na kushindiliwa kwa kokoto, mlingoti wa juu mita nne ufungwe kwa waya na misumari, ncha za waya zikunjwe kwa ndani. Magoli ya chuma ya kusogezwa yanapendeza lakini yanaua. Mtoto ananing'inia kwenye mlingoti, goli linapinduka, chuma kinamwangukia kichwani au kifuani. Kama unayo hayo, yafunge kwa vigingi vilivyopigiliwa ardhini au viroba vya mchanga nyuma, kila siku, hata siku ambayo hakuna mechi. Siku ambayo hakuna mechi ndiyo watoto wanabembea.

Mipira iwe saizi namba 4, si 5. Namba 5 kwa mtoto wa darasa la nne ni nzito kwa mguu na kwa kichwa. Kwenye ardhi ngumu mpira wa kushonwa nyuzi zake huisha upesi kwa kusagika, ule wa mpira mtupu uliounganishwa kwa joto unadumu zaidi ingawa unaruka sana. Usiujaze mpaka ulie kama ngoma, pauni 8.5 hadi 9 za upepo zinatosha, na kidole gumba kikibonyeza kiingie kidogo. Sindano ilowanishwe kwa maji kabla ya kuingizwa, kwa sababu sindano kavu huchana mdomo wa mpira, na mpira unaovuja mdomoni ni wa kutupa. Kwa ligi nzima unahitaji mipira kumi, mmoja wa mazoezi kwa kila timu na miwili ya mechi, pampu mbili, na sindano kumi. Ligi nyingi husimama kwa kukosa sindano, kitu cha bei ya chini kuliko vyote.

Viatu viwe kanuni moja kwa wote: ama wote peku, ama wote raba. Njumu na peku kwenye uwanja mmoja ni kidole kilichovunjika kinachosubiri siku.

Maji kadiria nusu lita kwa kila mtoto kwa mechi. Timu mbili ni lita 14, kwa hiyo ndoo ya lita 20 yenye koki kwa kila mechi, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kwa kipimo cha paketi. Kila mtoto aje na kikombe chake. Kikombe kimoja cha kuzungushana, katika jiji linalorudiwa na kipindupindu, ni uzembe.

Huduma ya kwanza, mambo matatu ambayo makocha wetu huyafanya kinyume. Kifundo kikiteguka, hakuna kuchua wala maji ya moto siku mbili za kwanza: maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu juu ya begi. Kuchua mapema kunaongeza uvimbe. Damu ya pua, kichwa kiinamishwe mbele na sehemu laini ya pua ibanwe dakika kumi bila kuachia. Kumlaza chali kunamfanya ameze damu na kutapika. Aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa, na akitapika, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, ni hospitali moja kwa moja.

Kuhusu wasichana watu wanapenda kulalamika kwamba "hawaji". Jiulizeni mmewawekea nini. Bukta ziwe nyeusi au za buluu iliyokolea, kamwe zisiwe nyeupe. Pedi ziwepo uwanjani kwa mwanamke anayejulikana, mtoto asilazimike kumwomba kocha wa kiume. Pawe na chumba cha kubadilishia, hata cha nyumba ya jirani. Anayetaka kuvaa hijabu na suruali ndefu chini ya bukta aachwe avae, waandishi wa sheria za soka duniani waliruhusu vazi la kufunika kichwa tangu 2014, sasa kocha wa mtaani anakataza kwa mamlaka gani? Wasindikizwe kwa makundi kurudi. Na si lazima uanze na soka. Watoto wa kike wa uswahilini wamekua wakicheza rede, wanajua kurusha, kukwepa na kudaka. Netiboli wataishika ndani ya wiki mbili, na inataka nguzo mbili tu zenye ringi kwenye urefu wa mita 3.05 na eneo dogo kuliko uwanja wa mpira.

Mwenye ulemavu asiwe mtunza maji. Timu yetu ya taifa ya soka la wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia Istanbul 2022. Mchezo wao ni saba kwa saba: wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na wanacheza kwa magongo bila mguu wa bandia, na kipa ni mwenye mkono mmoja.

Waamuzi watoke kwa vijana wa mtaa wa miaka 16 kwenda juu, wafundishwe jioni kadhaa, walipwe nauli na maji. Anayeruhusiwa kuzungumza na refa ni nahodha peke yake. UEFA waliiweka kanuni hiyo kwenye Euro 2024, nyie iwekeni mtaani. Kocha anayemtukana refa, timu yake ikatwe pointi hapo hapo, na itangazwe kwa sauti.

Pesa. Orodha ya kwanza ya matumizi ni daftari, mipira, pampu na sindano, bibu za rangi mbili za kuvaa juu ya nguo kutofautisha timu, firimbi, ndoo, sanduku la huduma ya kwanza. Jezi hazimo. Jezi ndicho kitu rahisi kupewa na ndicho kigumu kukilipia baadaye, hasa zikija miezi ya kampeni na sura ya mtu kifuani. Watoto wanageuzwa mabango, upande wa pili wa mtaa unawatoa wa kwao, na uchaguzi ukiisha mtoaji hapokei simu. Mwenye nia njema mwambie anunue sindano na mipira, umwone atakavyopoa.

Ikipatikana pesa ya kusaidia masomo, isipite mkononi kwa mtoto, mzazi wala kocha. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, kwa hiyo kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare, viatu, madaftari na michango. Nunua vitu, peleka, chukua risiti, bandika jumla yake ukutani kwenye ofisi ya mtaa bila kutaja majina ya watoto. Kamati iwe ya watu watano, wawili wao wanawake wenye watoto kwenye ligi, na atoaye pesa asiwe ndiye mtunza hesabu.

Watu wazima wote, wewe ukiwemo, wafuate kanuni ya wawili: hakuna kocha kubaki peke yake na mtoto, iwe chumbani, kwenye gari au safarini. Hakuna mtoto kulala kwa kocha. Anayechukizwa na kanuni hiyo asipewe timu.

Na watakuja mawakala. Watamwona mtoto wako mwenye kipaji na kumwahidi majaribio Ulaya au Uarabuni, kwanza mzazi atoe pesa ya pasipoti na viza. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zinazojulikana, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusu soka. Mtu anayedai pesa ya safari kwa mtoto wa miaka 14 ni mwizi, na kuna wazazi wameuza viwanja kwa ajili yake. Waambie wazazi wa ligi yako habari hiyo kwenye kikao cha kwanza kabisa, kabla wakala hajawafikia.

Kikao hicho kiite mwishoni mwa masika. Mwezi Juni usianze ligi, shule zinafungwa na nusu ya watoto wanapelekwa mkoani. Utumie kuandikisha, kuchimbia magoli na kufundisha waamuzi. Anza Jumamosi ya pili ya Julai. Raundi sita zitakufikisha katikati ya Agosti, Jumamosi ya saba iwe bonanza na kukabidhi mipira, na watoto wa darasa la saba watakaokuwa wanawasaidia makocha wabaki na wiki za kujiandaa na mtihani wa Septemba.